Kadi imekufa, kompyuta haijafa

Nimepotea kidogo, si kwa ubaya. Mhariri wangu alinitaka habari za bei ya samaki hapa sokoni Bagamoyo, na katikati ya kuhangaika na dagaa na kibua nikaingia kwenye mkasa mwingine kabisa, ndio huu ninaotaka kuwasimulia leo. Unahusu kompyuta, harusi na msiba. Wale mnaosema kompyuta si mambo yenu, kaeni kidogo. Nikiwachosha mtaondoka, mlango uko wazi.

Lakini kabla sijamsema mtu, nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilipotoka Mlimani na shahada yangu mkononi na kupata ajira gazetini, kitu cha kwanza nilichonunua (baada ya godoro) ni kompyuta ya mezani ya mtumba. Ni zile mashine za ofisi zinazotoka Ulaya: boksi jeusi, nzito kama kinu, prosesa ya Intel kizazi cha 8, RAM GB 8. Kwa kuandika habari ilikuwa inatosha na kubaki. Tatizo ni kwamba siku hizi gazeti halitaki maandishi peke yake. Mwandishi upige picha, urekodi video, uikate, uweke maandishi chini, utume kabla wenzako hawajatuma. Mashine ikaanza kuhema.

Nikauliza vijana wanaojua. Wote jibu moja: "Bro, hiyo haina kadi. Nunua kadi." Nikajinyima, nikaacha kula chipsi, nikapanda daladala hadi Kariakoo na laki mbili na nusu mfukoni, nikarudi na kadi ya grafiki ya mtumba yenye kumbukumbu yake GB 4. Nikafungua boksi, nikaichomeka ndani, nikaweka draiva, nikafunga. Jamani, nilijisikia mhandisi! Nikapiga na picha, nikaweka status.

Miezi sita nikawa naapa kwamba mashine imekuwa nyepesi. "Mnaona tofauti?" nawauliza wageni. Nao kwa adabu zao za Kipwani wanasema, ee, tunaiona.

Siku moja kijana mmoja fundi akaja kunisaidia kuweka Windows upya. Akainama nyuma ya mashine, akakaa kimya. Halafu akauliza, taratibu, kama daktari: "Kaka, huu waya wa skrini nani aliuchomeka hapa?"

Nani tena? Mimi.

Kwa wasiojua, geuza kompyuta yako ya mezani uitazame mgongo. Kule juu, karibu na matundu ya USB na ya spika, kuna tundu la skrini. Hilo ni la bodi yenyewe. Chini yake, kama uliongeza kadi, kuna matundu mengine yamelala. Hayo ni ya kadi. Mimi nilinunua kadi, nikaiweka ndani, nikaacha waya kwenye tundu la juu palepale ulipokuwa tangu mwanzo. Kawaida mashine nyingi ukiweka kadi zinazima tundu la juu, skrini inakuwa nyeusi, unashtuka, unahamisha waya. Yangu ilikuwa imetoka kwenye ofisi ya watu wa skrini mbili, wakawa wamewasha kwenye BIOS zote mbili zifanye kazi pamoja. Kwa hiyo skrini yangu iliendelea kuwaka vizuri tu. Fundi akafungua Task Manager (Windows inaonyesha kazi ya grafiki humo tangu mwaka 2017), tukacheza kipande cha video kwenye programu yangu ya kuhariri. Grafiki ya bodi: inakimbia jasho likimtoka. Kadi yangu ya laki mbili na nusu: asilimia sifuri. Imekaa tu, feni inazunguka polepole, inakula umeme wangu bila kufanya kazi, kama mjomba aliyekuja kusalimia akakaa mwaka.

Tukahamisha waya. Kweli mashine ikawa nyepesi, safari hii si kwa kuapa.

Basi mimi kutoka siku hiyo nikawa mhubiri. Kila nikiingia ofisini au studio ya mtu, kwanza nachungulia mgongo wa kompyuta. "Tundu la chini! Tundu la chini!" Nikaanza kuitukana grafiki ya ndani kama wanavyoitukana vijana wote wa mjini. Takataka. Ya kuchapia barua. Kama una kadi, zima kabisa hiyo ya bodi, isikusumbue.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili ni kubwa kuliko la kwanza.

Nina rafiki yangu hapa Bagamoyo, mpiga picha za harusi na mhariri wa video. Sitamtaja jina maana ana mke na wateja. Ni mtoto wa mji, amekulia Dunda, na kila mwaka utamkuta kwenye tamasha la sanaa pale TaSUBa, lile linalofanyika tangu 1982, kamera begani akirekodi ngoma. Tamasha halimlipi sana. Harusi ndio zinamlisha. Studio yake ni chumba kimoja, pazia la kijani ukutani, na kompyuta moja ya mezani yenye kadi, ambayo ndiyo roho ya kazi yote. Laptop hana.

Mwaka jana alirekodi harusi ya binti mmoja wa hapa hapa. Harusi ya Kipwani haswa, yenye mambo yake yote, siku tatu. Akalipwa nusu, akaanza kuhariri taratibu kama kawaida ya wahariri wa harusi, mnawajua. Wiki chache baadaye baba wa bibi harusi akafariki ghafla.

Sasa fikirieni. Familia haina video nyingine ya mzee. Picha zipo, lakini za kusimama wima macho makavu, za kitambulisho. Mzee akicheka, akitembea, akiongea, vyote viko kwenye kompyuta ya rafiki yangu. Binti akampigia: "Kaka, tafadhali, tunaomba ile video kabla ya arobaini ya baba." Rafiki yangu akamwahidi, bila wasiwasi. Siku zilikuwepo.

Siku mbili baadaye umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Aliporudi kuwasha, feni zinazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi. Akazima, akawasha. Nyeusi. Akampigia fundi mmoja mjini Dar, akajibiwa kwa simu kwamba kadi imeungua, atafute nyingine, na bila kadi hakuna kitu. Kadi nyingine kama ile ni laki tatu kasoro. Ile nusu aliyolipwa ilikuwa imeshakuwa unga, mchele na ada ya shule.

Ikapita wiki. Ikapita ya pili. Ikaingia ya tatu. Akawa anatafuta hela kimyakimya, kukopa huku na huku, na kila namba ya yule binti ikionekana kwenye simu anaiacha iite. Mwisho akazima simu kabisa. Mnajua hapa mji ni mdogo. Ukizima simu Bagamoyo, kesho yake utakutana na mtu huyo huyo kwenye kona ya kwenda sokoni.

Mimi nikaja kumtembelea kwa mambo yangu, nikamkuta amelala mchana. Akanisimulia. Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika arobaini.

Nawaambieni ukweli: hata mimi mhubiri sikuwaza haraka. Nilianza na mimi kupiga hesabu ya laki tatu, nani tumkope. Tumekaa kama robo saa tunataja majina ya watu wenye hela. Ndipo nikakumbuka ule mgongo wa mashine yangu na miezi yangu sita ya aibu. Miezi sita mimi nilihariri video bila kadi! Nilidhani nayo, kumbe bila. Na video zilitoka.

Nikamwambia, "Fungua boksi. Toa kadi."

"Nikiitoa itawakaje?"

"We itoe."

Tukaitoa. Jamani, kadi ile! Feni imeganda kwa vumbi, na kwenye vyuma kuna kutu ya kijani kama sufuria la shaba la bibi. Anayeishi kando ya bahari anajua, hewa yetu ina chumvi, inakula mabati, inakula kufuli, ije iache kadi? Tukasugua meno yake kwa kifutio cha penseli kama wanavyofanya mafundi wengi, tukairudisha kujaribu, wapi. Imekufa. Tukaiweka pembeni na skrini tukaihamishia tundu la juu. Hapo tukakwama kidogo, maana waya wake ulikuwa wa HDMI na bodi yake ina VGA na DisplayPort tu. Tukaazima waya wa VGA kwa jirani mwenye steshenari. Tukachomeka. Tukawasha.

Ikawaka. Ile picha ya mke na watoto wake aliyoiweka kwenye skrini ikatokea, na mafaili yote ya harusi yako pale, hayajaguswa. Rafiki yangu alikaa kwenye ndoo. Wiki tatu kompyuta ilikuwa nzima mbele yake!

Sasa nitoke kwenye hadithi kidogo nieleze, maana naamini wengi wetu tunazungumzia vitu hivi bila kujua vinavyofanya kazi.

Kila kinachoonekana kwenye skrini lazima kichorwe na kitu. Kompyuta nyingi za mezani zina mchoraji wake wa kuzaliwa naye. Zamani alikuwa anakaa kwenye bodi, ndio maana mpaka leo tunamwita wa bodi. Kwa upande wa Intel, kuanzia 2010 alihamia kwenye kasha moja na prosesa, na kuanzia 2011 akawa ndani ya prosesa yenyewe. Huyu hana kumbukumbu yake, anaazima kwenye RAM ya kompyuta. Mchoraji wa pili ni kadi unayoongeza, ana kumbukumbu yake, ana feni yake, ana nguvu zaidi, na anakula umeme zaidi. Ukiweka wa pili, wa kwanza hajafa. Amekaa pembeni anasubiri.

Tena si wa kukaa pembeni tu. Tangu huo mwaka 2011 Intel waliweka ndani ya grafiki zao sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video, wanaiita Quick Sync. Kazi yake ni hiyo tu, na inaifanya kwa kasi ya kushangaza kwa kitu mnachokiita takataka. Wapo wahariri wakubwa duniani wenye kadi za mamilioni ambao wanaacha grafiki ya ndani ikiwa imewashwa makusudi, kwa sababu kuna aina ya video za kamera za kisasa, zile za biti 10 na rangi 4:2:2 kwenye HEVC, ambazo grafiki za ndani za prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea zinazifungua bila shida, wakati kadi za NVIDIA zilianza kuzifungua kwenye toleo la RTX 50 la mwaka 2025. Soma tena hiyo sentensi. Ya bure ilitangulia ya mamilioni kwa miaka kadhaa.

Kwa hiyo swali la vijiweni, "kadi au ya ndani?", limekaa vibaya. Swali ni nani afanye kazi gani, na siku mmoja akiumwa nani anashika jembe. Mimi msimamo wangu sasa ni huu: ukiwa na kadi, tumia kadi, lakini usimzike mwenzake akiwa hai.

Najua mtakayosema. Mtasema huyu amenusurika mara moja amekuwa mtume. Nakubali kabisa kwamba grafiki ya ndani haiwezi kila kitu. Kijana anayetengeneza michoro ya 3D, anayecheza magemu mapya, anayejifunza hizi akili mnemba kwenye mashine yake, huyo kadi ni chakula chake, simwambii aache. Na kama mashine yako ni ya zamani zaidi, prosesa ya Intel kizazi cha 3 au cha 4, grafiki yake ya ndani haina sehemu maalumu ya kufungua HEVC, na video nyingi za simu za leo ziko kwenye HEVC. Hapo kadi ndogo tu ya wati 75 kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 itakusaidia kweli. Hayo nayajua na sibishani.

Ninachobishana nacho ni hii tabia ya kununua kwa jina. Nimewahi kusoma tangazo la zabuni la ofisi moja (sitaitaja, mimi bado nataka kuingia pale kuchukua habari) wanataka kompyuta za kuandikia barua na kuingizia takwimu, na kwenye sifa wameandika lazima kila moja iwe na kadi ya grafiki ya GB 4. Ya nini? Karani anachora nini? Wakati RAM waliyoomba ni kijiti kimoja cha GB 4! Hela ya kadi ingenunua RAM ya kutosha na diski ya SSD, mashine ikaruka. Na nitawapa siri ndogo: grafiki ya ndani inategemea RAM, hivyo vijiti viwili vya GB 4 vinaipa njia pana kuliko kijiti kimoja cha GB 8. Mimi nilipobadilisha hivyo niliona tofauti kwa macho, bila wageni wa adabu.

Kuna mtego mwingine kwa wanaonunua mpya au kuunga mashine wenyewe. Prosesa za Intel zinazoishia na herufi F hazina grafiki ya ndani inayofanya kazi. Za AMD Ryzen za mezani kabla ya toleo la 7000 la mwaka 2022, nyingi hazina, isipokuwa zile zenye herufi G. Hizi za F huwa bei yake inapungua kidogo, na muuzaji atakwambia, "una kadi, ya ndani ya nini?" Kwa mtu anayeishi mahali ambapo kadi nyingine inapatikana duka la kona ndani ya saa moja, sawa. Kwa mtu wa Bagamoyo, Mlingotini au Saadani, ambaye akiharibikiwa anapanda daladala hadi Dar, hiyo punguzo ni deni. Rafiki yangu angekuwa na prosesa ya F, hadithi hii ingeishia kwenye ndoo.

Na umeme. Mimi siisemi tena hali ya nchi, maana yale makali ya mgawo wa mwishoni mwa 2023 yalipungua mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa mwezi Februari 2024, moja baada ya nyingine, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Lakini megawati 2,115 za Rufiji hazizuii kuti la mnazi kuangukia waya wa mtaani kwetu siku ya upepo. UPS ndogo mnazonunua huwa zina betri ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha: wati-saa 84, na hapo hujatoa zinazopotea njiani. Mashine na skrini zikila wati 70 una muda wa kumaliza sentensi, kuhifadhi, kuzima kwa heshima. Ongeza kadi inayofanya kazi ya wati 75, umekata muda huo zaidi ya nusu. Mimi nikiwa naandika tu, na mawingu yamekaa vibaya baharini, waya wangu unarudi tundu la juu na kadi naizima. Nikiwa na video ndefu, naurudisha chini. Ni kuzima mashine, kuinama na kuchomoa, si kazi ya kuitia fundi.

Turudi kwa rafiki yangu.

Kazi haikuwa nyepesi. Kucheza video wakati wa kuhariri kulikwama-kwama, ikabidi apunguze ukubwa wa picha ya kutazamia mpaka robo, na yale maua yanayopepea na mioyo inayodunda aliyoyaweka mwanzoni akayatoa mengi. Kusema ukweli video ikapendeza zaidi, lakini hilo msimwambie. Akafanya kazi usiku, maana usiku umeme unatulia. Siku ya kutoa video nzima, mashine ilianza baada ya isha na ikamaliza asubuhi watu wanatoka sokoni. Katikati umeme ulikatika mara moja. UPS ikapiga kelele, tukatazamana, sote kimya. Haukufika muda mrefu ukarudi. Zamani akiwa na kadi UPS hiyo ilikuwa haimbebi hata kufika mlangoni.

Akawasha simu. Akampigia yule binti. Sikusikia alichoambiwa, lakini nilimwona anasema "nisamehe" mara tatu.

Siku ya arobaini nilikwenda kwenye dua. Baada ya watu kula na wengi kuondoka, familia wakaingia ndani na flashi, wakaichomeka kwenye TV. Mimi nilibaki barazani na wanaume, sikutaka kuingia. Kwa dirishani nilisikia sauti ya mzee. Ni kile kipande cha mwanzo kabisa ambacho mhariri yeyote mwenye haraka angekikata: mzee anarekebisha kofia yake, anatazama kamera, anamuuliza rafiki yangu kama imeshaanza kurekodi au bado. Ndani wakacheka wote kwa pamoja, halafu kukawa kimya. Kisha wakairudisha mwanzo.

Rafiki yangu pale barazani akawa anatazama chini, anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

Nimejiuliza sana ni wangapi wako hivi. Mashine zimefunikwa kitambaa pembeni ya chumba, zimetangazwa kufa, ndani kuna shahada za watu, hesabu za duka, nyimbo, picha za marehemu. Zinasubiri kadi ambayo hela yake haipo, na mchoraji wa kwanza yuko hai humo ndani, hajaulizwa. Kama unayo moja, leo jioni fanya hivi: zima, chomoa umeme, fungua, toa kadi, hamisha waya wa skrini kwenda juu, washa. Kama prosesa yako ina grafiki, itawaka. Isipowaka hujapoteza kitu. Na kama kadi yako bado nzima, basi chungulia tu mgongoni, uhakikishe waya uko unakodhani uko. Usicheke, mimi nilimaliza miezi sita.

Rafiki yangu alikuja kununua kadi nyingine, ya mtumba pia, baada ya kulipwa ile nusu iliyobaki. Kabla hajaichomeka alichukua kalamu ya wino mzito akaandika mgongoni mwa boksi, kwa herufi kubwa, JUU na CHINI, na mishale. Ule waya wa VGA wa jirani hajaurudisha mpaka leo. Anasema atanunua mwingine ampe.

Haya, ngoja niishie hapa. Upepo umeanza na makuti yanapiga kelele nje, na mimi waya wangu bado uko chini. Alamsiki.